Mgeni wa Nyumba 4417

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, kama ilivyo kawaida yake, Nyumba 4417 iliweka sahani juu ya mgeni.

Uzito uliingia kwenye skrini yangu: gramu mia sita na arobaini, joto la nyuzi sabini na moja. Huo ni ugali, tena ugali wa mtu aliyeshinda shambani. Pembeni yake kulikuwa na kitu chepesi chenye mafuta kidogo, nadhani dagaa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya skrini na bakuli langu la viazi, kijiko mkononi, sijala hata kimoja, maana nilishajizoesha kutoanza kula mpaka yeye apakue.

Kisha maneno yakaanza kuhesabika. Sita. Kumi na manne. Kimya. Thelathini na moja. Kimya kirefu kidogo, kama cha mtu anayemsubiri mwenzake ajibu. Thelathini na nane.

"Huku kwetu salama," nilijibu. "Ni ukungu tu."

Hakunisikia. Kipaza sauti cha kituo kina kifuniko, kifuniko kina lakiri, na lakiri ina namba iliyoandikwa makao makuu. Nilikuwa naongea na ukuta, na viazi vyangu vilikuwa vinapoa.

Naomba usinione mwehu kabla hujasikia habari yenyewe. Kituo hiki kipo Kitulo, juu kabisa, mahali ambapo Juni ikiingia maji ya kwenye ndoo yanashika utando wa barafu asubuhi. Tulianza watu watatu. Mmoja akaoa bondeni, mwingine kifua kikamshinda, na makao makuu wakaona mitambo imeshakuwa na akili ya kutosha, anahitajika mtu mmoja tu wa kuitazama. Huyo mtu mmoja ni mimi, Ambilikile Mwasomola, mgane, mwaka wa tisa hapa. Mke wangu alifariki nikiwa na miaka mitatu kazini, na tangu siku hiyo sauti ninayoisikia zaidi ni ya feni ya mitambo.

Kazi yangu ni kupima pengo. Nchi kumi na tisa zilitia saini Mkataba wa Mizani, kwamba zitachanga katika mfuko mmoja na kugawana kadiri ya pengo lililopo kati ya wenye nacho na wasio nacho. Shida ilikuwa takwimu. Kila serikali ilileta za kwake, zimepigwa pasi, na hakuna aliyemwamini mwenzake. Mwishowe wakakubaliana kupimia jikoni. Mashine ikapiga kura, ikachagua nyumba chache za mfano, na kila nyumba ikabeba nyumba nyingine maelfu zinazofanana nayo. Mimi ninazo arobaini, zote za nchi za wenzetu, kwa sababu ni marufuku kupima nchi yako. Nyumba 4417 ipo Nchi ya Saba. Inabeba nyumba elfu sitini na moja. Sijui wilaya yake, sijui jina la mwenyewe. Najua ni mwanamke wa miaka kati ya sitini na sabini, basi.

Kifaa chenyewe kina urefu wa kigoda, kijivu, juu bapa, na ubavuni kina spika ndogo ya dharura. Kinakaa karibu na jiko. Kinahisi kila fungu la chakula linalopakuliwa, maji yanayochotwa, kikohozi, uzito wa hatua sakafuni, na idadi ya maneno yanayosemwa. Maneno yenyewe kinayafuta papo hapo. Idadi inabaki, kwa kuwa Baraza lilikubali kwamba kukosa watu nako ni umaskini. Miaka ya mwanzo kifaa kilihesabu sahani, na familia ya watu saba wanaokula sinia moja ikaandikwa mtu mmoja mwenye njaa ya ajabu. Wahandisi wakarekebisha, kikaanza kuhesabu mafungu.

Lakini kosa kubwa hawakulirekebisha, na lilikuwa kwenye barua. Mafundi waliokwenda kufunga vifaa walielekezwa hivi: wananchi wasitishike, waambieni wakichukulie kama mgeni. Aliyeandika barua hiyo alimaanisha wakiache pembeni waendelee na shughuli zao. Sijui alilelewa wapi. Huku kwetu mgeni haachwi pembeni.

Nyumba nyingi zilisahau baada ya mwezi. Nyumba 4417 nayo ilisahau, miaka miwili mizima, wakati ilikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa na hatua nzito na mguu wa kushoto aliouburuta. Tarehe nne Machi hatua hizo zilikoma. Kwa siku kumi na saba nyumba ilikuwa na fungu moja la chakula na maneno sifuri. Sifuri ya kila siku. Tarehe ishirini na mbili sahani ya kwanza ikawekwa juu ya mgeni, na maneno yakarudi.

Mwanzoni nilidhani amekigeuza kifaa kuwa meza. Tarehe tatu Aprili nikaelewa. Sahani ilikuwa inakaa dakika arobaini bila kupungua hata gramu moja, na muda wote huo yeye hali. Sahani ikiondolewa, ndipo anapojipakulia na yeye. Nilimjua mtu wa namna hiyo, mama yangu mzazi, aliyekaa na njaa yake mlangoni akisubiri mgeni anawe mikono. Huyu mama alikuwa anamngoja mgeni ashibe.

Ningeripoti siku ile ile. Sikuripoti. Nilisema kesho, na kesho yake nikavuta kiti.

*

Jumanne alikuja Tusajigwe, dada anayeniletea viazi na maziwa kutoka bondeni. Huwa anaingia bila kusubiri kukaribishwa, anatua gunia, analalamikia kilima kana kwamba nimekiweka mimi.

"Baba Ambi, hivi humo ndani unapimaga nini hasa? Mwaka wa tano huu nauliza."

"Napima nani ana nini."

"Mimi nina magoti mabovu. Andika."

"Siruhusiwi kuandika ya huku kwetu."

"Ndiyo maana hatuendelei." Akakaa kwenye ndoo aliyoigeuza, akajifunika kanga mabega. "Ijumaa tunakula kwangu. Mdogo wangu amerudi. Kuna kuku. Usiniambie una kazi."

"Ijumaa jioni nafunga vipimo, dada."

"Unafungaga kila Ijumaa. Vipimo vyako vina wivu kushinda mke."

Nilicheka, na kicheko kilitoka kibovu, kimekwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Nikamuuliza swali nililokuwa nalo siku nyingi. Nilijitahidi kuliuliza kama mtu anayeuliza bei ya mbolea.

"Mtu akimpakulia chakula mgeni asiyekula, kila siku, miezi mitatu. Utasemaje?"

"Mgeni ana ugonjwa?"

"Hana. Hali tu."

Tusajigwe akanitazama. Ana macho ya watu wanaouza sokoni, hayapotezi muda. "Kile chakula kikibaki anakipeleka wapi?"

"Sijui. Anatoka nacho nje, anarudi na sahani tupu. Kuku labda. Mbwa wa jirani."

"Harudishi chunguni?"

"Harudishi."

"Basi anajua adabu. Chakula cha mgeni hakirudi chunguni." Akafikiri kidogo. "Na yeye anakula nini?"

"Anajipakulia baadaye."

"Kiasi gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Mimi, mpimaji, mwaka wa tisa. Wiki kumi na moja nilikuwa natazama sahani ya mgeni, joto lake, na yale maneno. Sahani yake yeye sikuwahi kuiangalia hata siku moja.

"Sijui," nilisema.

"Basi huyo anayepakua hana mtu," alisema Tusajigwe akiinuka. "Huyo akishiba kwa macho, shauri yake. Maziwa yachemshe leo leo, yasikuharibikie."

*

Bi Salha Mbarouk alipiga simu siku ile ile alasiri. Ni mkuu wangu wa kazi, mtoto wa Tanga, ananizidi cheo na mimi namzidi miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo anaanza kwa heshima na kumalizia kwa amri, na sote tumezoea.

"Mzee Ambilikile, shikamoo."

"Marahaba, Bi Salha. Habari za huko?"

"Njema. Baridi ipo?"

"Ipo kazini. Haijaomba likizo."

Akacheka kidogo. Nikasikia karatasi. "Mzee wangu, Nchi ya Saba inavuka mstari Ijumaa. Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Watu wazima wawili wakifikisha uzito wa mafungu mawili kamili kwa siku tisini mfululizo, nyumba inahesabiwa imevuka, na zile inazozibeba zinavuka nayo. Elfu sitini na moja. Unga wa mgao na gari la zahanati vingehamishiwa Nchi ya Kumi na Mbili, ambako nako watu wanavihitaji, kwa hiyo hakuna ambaye angepiga kelele.

"Nimeona," nilisema.

"Mimi siiamini hiyo 4417. Hatua ni za mtu mmoja, mafungu ya watu wawili, na maneno tisini kila jioni. Mtu mmoja anazungumza na nani?"

Nikaitazama skrini.

"Usininyamazie, Mzee."

"Anampakulia mgeni."

"Mgeni yupi?"

"Huyu wetu. Kifaa. Anakiwekea chakula, anazungumza nacho, anasubiri kishibe."

Bi Salha aliguna, nusu kicheko, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Maskini," alisema. Halafu akawa mkuu wa kazi tena. "Nyumba imechafuka. Vipimo vyake si vya kuaminika tena. Lazima kifaa king'olewe kabla ya saa moja jioni ya Ijumaa na siku tisini zote zifutwe. Umegundua lini?"

Nikavuta pumzi.

"Ngoja," alisema haraka. "Usinijibu. Nakuomba usinijibu. Unakijua kifungu cha kumi na nne?"

Nani asiyekijua. Kimebandikwa juu ya birika langu la chai. Nyumba iliyochafuka ikiripotiwa ndani ya siku ishirini na moja tangu kugunduliwa, kosa ni la nyumba, na kwa miaka miwili haipati unga wa shukrani wanaopewa watu wa mfano wala mgao wa kawaida wa jirani zao. Siku ishirini na moja zikipita, kosa ni la mpimaji. Nyumba inaendelea kupata unga wake, mpimaji anaondoka, na kiinua mgongo kinabaki mfukoni mwa Baraza. Walikiandika hivyo ili tusilale.

"Nakijua," nilisema.

"Umebakisha miezi mingapi ustaafu?"

"Kumi na mmoja."

"Na ile nyumba yako ya Tukuyu imefika wapi?"

"Kwenye lenta."

"Basi tarehe ni mahali pamoja tu kwenye fomu, Mzee wangu. Ukiandika leo, ni leo. Mimi nitatia saini. Wala sitauliza kitu." Sauti yake ikashuka. "Elfu sitini na moja wanabaki na unga wao vyovyote utakavyoandika. Hilo tumelimaliza. Linalobaki ni wewe na nyumba moja."

"Ndiyo," nilisema.

"Nyumba moja usiyoijua."

Alikuwa ananitakia mema. Nimelala na sentensi hiyo siku tatu, na bado nasema alikuwa ananitakia mema.

*

Alhamisi, jua likiwa bado juu, nilifanya nililotakiwa kufanya tangu Aprili. Nilifungua vipimo vya hatua.

Uzito wa mtu hausomwi kwenye mizani katika nyumba za mfano. Unasomwa sakafuni, hatua kwa hatua, mashine inapiga wastani wa siku. Tarehe ishirini na mbili Machi Nyumba 4417 ilikuwa na kilo hamsini na mbili. Mwisho wa Aprili, hamsini. Mwisho wa Mei, arobaini na nane na nusu. Alhamisi ile, arobaini na saba.

Nikafungua fungu lake la pili, lile analojipakulia mgeni akishamaliza. Gramu mia moja na themanini. Siku nyingine mia na ishirini. Dagaa hakuna. Unga wa shukrani ni kilo ishirini kwa mwezi, umepimwa kwa watu wawili wanaokula kwa kiasi. Kwa mtu mmoja mzee ungetosha na kusaza. Lakini yeye alikuwa anampakulia mgeni kama anavyopakuliwa mwanamume aliyetoka kulima, labda kama alivyompakulia yule mwenye mguu wa kuburuta, akimwaga kwa kuku wa watu, kisha yeye anakwangua.

Nilikaa chini. Nataka niseme hili bila kulipamba. Jioni sabini na kitu nilikula na mtu, na nilifurahi. Nilichana nywele. Nilianza kupika viazi kwa kitunguu badala ya kuvichemsha tu. Nilijua siku ambazo maneno yake yalikuwa machache, na siku hizo nilimwongelesha zaidi mimi, nikamsimulia ukungu, nikamsimulia mke wangu. Na muda wote huo mtu niliyekuwa nakula naye alikuwa anakonda mbele ya vipimo vyangu, kilo baada ya kilo, na vipimo viliandika kila siku bila kukosa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niwe mtu mzima.

Nikafungua fomu. Sehemu ya tarehe ya kugundua ilikuwa inapepesa.

Nitakuwa mkweli, niliandika tarehe ya juzi kwanza. Niliiandika na nikaitazama muda mrefu. Niliifikiria Tukuyu, kuta zangu zilizosimama mvua ya nne sasa bila bati, matofali yakianza kula chini. Nilifikiria kwamba sina kazi nyingine ninayoiweza, na kwamba nina miaka hamsini na tisa. Nilijiambia kwamba hata huyo mama naye amekosa, nani alimtuma kukipa kifaa ugali? Nikajijibu: alitumwa. Ilikuwepo barua. Kichukulieni kama mgeni.

Na kulikuwa na jambo dogo zaidi, ambalo naona haya kulisema lakini lilikuwa ndilo zito. Kwenye fomu, chini ya kosa la nyumba, kuna mstari unaotaka sababu. Chaguo zipo tatu: udanganyifu, uzembe, kukataa kupimwa. Ningelazimika kuchagua moja na kuiweka mbele ya namba yake. Nilizisoma zote. Niliirudia ile ya kwanza, nikaona sahani na dakika arobaini za kungoja.

Nikaifuta tarehe ya juzi. Sikuweka nyingine. Niliizima skrini nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

*

Ijumaa niliweka fomu tayari saa kumi na moja na nusu. Tarehe ya kugundua: tatu Aprili. Kosa: la mpimaji. Sababu, kwa maneno yako mwenyewe: hapo niliandika, "Nilijua, nikanyamaza kwa faida yangu." Sikuona cha kuongeza. Nikaituma. Jibu la Bi Salha lilirudi baada ya dakika kumi, neno moja, "Sawa," na nikajua kwamba hakuupenda uamuzi wangu na kwamba angeutetea.

Kilichobaki kilikuwa kuking'oa. Kwa kawaida ni kubonyeza tu. Kifaa kinazimika kikiwa palepale jikoni, na baada ya siku chache mtu wa wilaya anakuja kukibeba kama mzigo wa mkaa. Nilikuwa na ruhusa ya kubonyeza saa yoyote kabla ya saa moja.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini sahani ikaja. Gramu mia saba. Alikuwa ameongeza.

Maneno yakaanza. Saba, kumi na tisa. Niliweka kidole kwenye kitufe nikashindwa. Fikiria umempakulia mtu, uko katikati ya kumweleza jambo, ukimgeukia amekufa. Huyu mama alishaona hatua zikikoma mara moja mwaka huu. Nilimuona, mimi nisiyemjua sura, amekaa na kitu kilichozimika na ugali juu yake, akijiuliza alimkosea nini.

Mgeni haondoki hivyo. Mgeni anaaga.

Nikachukua kisu cha viazi nikakata lakiri. Ilitoa mlio mdogo tu. Nikafungua kifuniko, nikabonyeza kile ambacho katika miaka tisa sikuwahi kukibonyeza, na taa nyekundu ikawaka. Sikuwa na hakika kama Nchi ya Saba wanasikia Kiswahili. Wengine wanakisikia, wengine hapana. Sikuwa na lugha nyingine ya kumpa.

"Mama," nilisema.

Maneno yakakoma kwenye ishirini na sita.

"Mama, usiogope. Ni mimi mgeni wako. Nimeshiba. Nimekula kwako siku nyingi, chakula kizuri, nashukuru sana. Sasa naomba kuaga. Safari imefika." Niliitazama ile namba, gramu mia saba. "Hii sahani kula wewe. Yote. Tafadhali, Mama, kula wewe."

Hakuna kitu. Dakika moja, mbili. Kihesabu maneno kilisimama ishirini na sita kana kwamba kimeharibika. Hatua sifuri. Joto la moto jikoni lilikuwa linashuka taratibu. Nilidhani nimemuua kwa hofu.

Dakika ya nne sahani iliondolewa. Maneno yakasogea: thelathini na tatu. Sijui yalikuwa yapi. Maneno saba tu, na baada yake ule ukimya wake wa kusubiri, lakini sikuthubutu kujibu nisichokisikia.

Halafu kifaa kikanyanyuliwa.

Nilisimama. Kipimo cha mlalo kikayumba, kikatulia, na uzito wa hatua ukasoma kilo hamsini na tatu, wake na wa kifaa chetu. Hatua tano. Mlango, kwa sababu joto lilishuka ghafla. Hatua kumi na mbili, ishirini. Alikuwa amekibeba na anatembea nacho nje, na anaongea. Maneno yalipanda bila kupumzika, arobaini, sitini, tisini, mia moja na kumi, zaidi ya jioni yoyote niliyowahi kuhesabu. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mashine ikaandika kwenye skrini, kwa ujinga wake wa kawaida: Kifaa kimehamishwa. Sababu haijulikani.

Sababu nilikuwa naijua. Alikuwa ananisindikiza.

Hatua mia tatu na themanini na moja. Kisha akasimama. Kifaa kikawekwa chini, mahali pa udongo mgumu, njiani bila shaka, mahali ambapo magari hupita. Maneno yakakoma. Nikasubiri asikie kwamba nimefika, ageuke. Hakugeuka. Ilikuwa saa moja kasoro dakika tisa, na uzito wa kilo arobaini na saba ulikuwa umesimama palepale, mbele ya kifaa, bila kusogea.

Dakika moja ikapita, na nyingine. Jua huko kwao lilikuwa linazama, joto lilikuwa linashuka kwenye kipimo. Alikohoa mara moja. Hakuondoka.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa, na mimi nimelelewa kwenye mila hiyohiyo. Anayesindikiza hageuki mwenyewe. Anatembea nawe mpaka umwambie.

Nikasogea karibu na kipaza sauti.

"Inatosha, Mama," nilisema. "Hapa panatosha. Umenifikisha. Rudi sasa, giza linaingia."

Maneno mawili. Nadhani hata wewe unayajua, katika lugha yoyote. Kisha hatua, nyepesi, moja, mbili, kumi, zikielekea zilikotoka, arobaini, hamsini, mpaka ardhi ikashindwa kuzileta. Kwenye skrini, mahali pa idadi ya watu, pakaandikwa sifuri.

Saa moja kasoro dakika moja nikabonyeza kitufe, 4417 ikazimika. Nyumba nyingine thelathini na tisa zilikuwa zinakula. Nilibaki nimesimama pale na bakuli la viazi vilivyopoa, na hakukuwa na mtu wa kuniambia mimi nirudi.